Ubongo Unaochacha kama Maziwa

Maabara ya Mifugo, 3 Machi 1953

Bibi Kokugonza,

Shikamoo. Mwili hauna neno, ila usingizi haunipati. Kazi yangu hapa ni kusaga ubongo wa ng'ombe na kupima asidi iliyomo, ile ile inayochachusha maziwa. Daktari anataka kujua kama ng'ombe wagonjwa wanayo zaidi. Juzi ng'ombe mzima kabisa alimzidi mgonjwa. Daktari anasema mikono yangu ndiyo mibovu. Nikikosea tena, nirudi nyumbani.

Mjukuu wako,
Gosbert

Kituntu, 20 Machi 1953

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Magoti yananiuma, kwingine kote mzima. Anayeandika ni katekista Apolinary, nami nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Sikujua kichwani mna kitu kinachochacha.

Lakini wewe mjinga. Nilikufundisha kukamua hujaota hata meno ya mbele ya pili. Maziwa ya sasa hivi na yaliyoshinda juani utayapima pamoja? Huyo ng'ombe mzima alichinjiwa wapi? Alikimbizwa? Kichwa kilikaa muda gani kabla hujakipasua? Uliza hayo ndipo ulaumu mikono niliyoilea mimi.

Umekula lakini?

Bibi yako

Maabara ya Mifugo, 2 Mei 1953

Bibi yangu,

Shikamoo. Nakula, na sijafukuzwa.

Wagonjwa tunawachinja hapa uani. Vichwa vya wazima vilikuwa vinaletwa kutoka machinjioni kwa baiskeli, juani. Nikaomba wazima nao waletwe hai, wapumzike, wachinjwe hapa, ubongo uingie kwenye barafu mara moja. Asidi yao ikashuka. Daktari akarudia mwenyewe mara tatu, akavua miwani, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, kwa bibi, zizini.

Anasema pumzi ikikatika ubongo hauachi kazi papo hapo. Unaendelea dakika chache bila hewa, ndiyo maana unachacha.

Mjukuu wako,
Gosbert

Kituntu, 19 Mei 1953

Mume wangu,

Marahaba. Hapo pa dakika chache nimemtaka Apolinary anisomee mara nne.

Babu yako alipokata roho, nilimwinamia sikioni nikamwambia ng'ombe wake mwekundu amezaa jike. Siku tatu alikuwa akimngoja ndama huyo. Wakanivuta, wakasema naongea na maiti. Miaka tisa naona aibu.

Muulize daktari wako kama alinisikia. Kama hajui, aseme hajui. Ila mwambie sikuchelewa, Gosbert. Nilisema pale pale, kabla hajapoa.

Bibi yako