Alhamisi za Virpi

"Huyo si wa ukoo," mama yako amesema kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu baba yako amemjibu kwamba gazeti halidai cheti cha kuzaliwa. Mwaka mzima umepita, Virpi, tangu moyo wako usimame ghafla ukiteleza thelujini kwenye njia ya skii, nasi badala ya kukukumbuka kwa utulivu tunagombania jina moja la kuweka mwishoni mwa tangazo lako la kumbukumbu.

Tuanze na yale tusiyoyagombania.

Kwa miaka kumi na minne ulikuwa mshauri nasaha wa shule hapa mjini kwetu. Viti vyako viwili hukuvitazamanisha. Uliviweka upande upande, mtoto akizidiwa apate dirisha la kukimbizia macho. Hukuuliza "kwa nini", uliuliza "ilikuwaje", kisha ukanyamaza, hata ikichukua dakika tano. Ulituambia kwamba nadharia ya chuo ni nyepesi mpaka siku mtoto analia mbele yako, na kwamba kumharakishia leso ni kumwambia anyamaze.

Andazi la iliki ulilila kuanzia katikati. Glavu ulizipoteza kila ulikokwenda. Tunazo saba, zote za kushoto.

Na mama yako, ambaye ndiye mwenye kalamu, hana haja ya kuficha: aliwaonea wivu watoto wale. Mamia ya watoto wa wenzake walipata sikio lako, yeye akapata "sawa, mama". Jumamosi ya mwisho, mlipotoka kwenye mvuke wa sauna, alikwambia, "Watoto wa watu unawasikiliza kwa mshahara, mimi hata bure sipati." Ulivaa glavu yako moja ukaondoka. Siku ya mazishi kijana mmoja mrefu alimshika mkono akasema, "Virpi alijua kunyamaza." Mama yako akamjibu kwamba hata kwake ulijua.

Huo ulikuwa wivu mdogo. Mkubwa ulikuja mwezi uliopita.

Baba yako alimkuta mwanamke akiwasha mshumaa kaburini kwako, akamkaribisha kahawa nyumbani bila kumuuliza mtu. Anaitwa Tuulikki. Ndipo tukajua kwamba hata mshauri ana mshauri wake, wa kumpelekea mzigo aliobebeshwa na watoto ili usimvunje mgongo, na kwamba ulimwendea kila Alhamisi ya pili kwa miaka tisa. Sisi tulidhani ni kwaya. Mama yako alikuwa akijiuliza mbona huimbi.

Kahawa haijapoa, mama yako alimuuliza mgeni ulikuwa ukisema nini juu yake.

"Hayo ni ya Virpi," Tuulikki akasema.

"Virpi amekufa."

"Bado ni yake, mama Virpi."

Kisha akanyamaza. Mama yako alimsubiri aone haya, hakuona. Alikuwa amekaa upande, kiti kimeelekea dirishani, kwenye theluji, na kimya chake mama yako alikijua, maana kilikuwa chako: ama kililelewa katika nyumba hii, ama ulikileta humu kutoka kwake. Hilo nalo likamchoma. Baba yako akaenda kuchukua kuni. Aliporudi saa nzima ilikuwa imepita, mama yako ana macho mekundu, na leso ziko pale pale kabatini, hakuna aliyezigusa.

Tangu hapo hakutaka kulisikia jina hilo. Leo baba yako amelitaja liandikwe, na vita vikaanza. Mama yako amesema mtu aliyekula miaka tisa ya maneno ya mtoto wake hawezi kuja kukaa naye katika mstari mmoja. Baba yako amesema hakuyala, aliyatunza. Dada yako Outi, aliyekuwa akikata mkate, akauliza bila kuinua macho:

"Kwani mama, siku ile wewe ulimwambia nini saa nzima?"

"Hayo ni yangu," mama yako akasema.

Alijisikia mwenyewe alivyojibu. Ameishi na baba yako miaka arobaini na tano, na hata yeye hatamwambia. Wala Tuulikki hatamwambia mtu. Basi na maneno yako yapo hapo hapo, mahali pamoja na ya mama yako, na hapajavuja.

Baba yako akaisukuma karatasi mbele yake. "Haya, mama Outi."

Wivu haujaisha, Virpi, tusidanganyane. Ila jina ameliandika kwa mkono wake, sasa hivi, wino bado mbichi.

Wanaokukumbuka: mama yako Raili, baba yako Esko, dada yako Outi, na Tuulikki wa siku za Alhamisi.

Siku zote uko nasi, na hatutakusahau.