Mlio Kifuani mwa Kasuku

Jumatatu, 3 Machi

Kasuku amerudi chuoni mapema, na kimya. Mjukuu wangu huyu huanza kusema anapovua viatu mlangoni, akanyamaza nikizima taa. Ndiyo maana marehemu mama yake alimpa jina hilo. Leo ameketi na kofia yake ya uuguzi mapajani, akaniuliza kama nimekula.

Nimemvutavuta mpaka akasema. Mwaka wa pili wameanza kujifunza kusikiliza moyo. Hawajapewa wagonjwa bado, kwa hiyo wanasikilizana wao kwa wao, wawili wawili, kwenye vitanda vya darasani. Mwenzake akamwekea kifaa cha kusikilizia kifuani, akakunja uso, akasema kibovu. Wakabadilisha. Cha pili nacho kibovu! Cha tatu wakamnyang'anya jirani. Wakacheka mpaka mkufunzi akaja kuwagombeza. Akasikiliza yeye mwenyewe. Akasikiliza tena. Hakuna aliyecheka tena.

Kuna mlio usiopaswa kuwapo. Kila moyo unapopiga, anasema, ni kama mtu anapitisha ufagio sakafuni.

Nimemwambia si neno. Mimi, niliyemzika mama yake.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari wa moyo. Mwanamke mpole, anazungumza polepole kana kwamba mimi ni kiziwi. Alimpaka Kasuku mafuta ya baridi kifuani, akamwonyesha moyo wake kwenye kioo cha mashine. Nyama ya moyo imenenepa upande mmoja. Damu inapita kwa kubanwa. Mtu huzaliwa na ugonjwa huu, na mara nyingi huwa katika ukoo. Akauliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana.

Kasuku alinitazama. Nilijibu kama nilivyowafundisha watoto wa watu kujibu nilipokuwa mwalimu, kwa sentensi nzima: Binti yangu alianguka uani akianua nguo, mvua ilipoanza kunyesha. Nilitaka kuongeza umri wake.

Dawa kila asubuhi. Asikimbie, asibebe vizito, asishindane na mtu. Picha nyingine ya moyo baada ya miezi michache.

Tulipofika kwenye lango letu alisimama.

"Kwa hiyo mama hakuteleza," akasema.

Siku zote tumesema aliteleza. Ua ulikuwa umelowa, na mtu hutaka sababu.

Jumatano, 12 Machi

Mkufunzi wa uuguzi, yule aliyemsikiliza, amemfuata. Mlio kama ule, amemwambia, wauguzi wengi huusoma tu vitabuni; je, angekubali kulala kitandani darasa zima lisikilize? Akakubali! Wakapanga foleni, kila mmoja na kifaa chake shingoni. Wengine walimwomba radhi kwa mikono ya baridi. Mmoja alisikiliza, akaandika, akaenda zake bila ahsante.

Alinisimulia akicheka. Eti siku hizi yeye na yule mdoli wa darasani wanaofanyia mazoezi ni pacha, ila yeye anakula.

Sikucheka. Nilisema mjukuu wangu si kifaa cha kufundishia, na kesho nitakwenda kumwona huyo mkufunzi. Akaacha kutafuna.

"Niache, babu. Pale kitandani ndipo mahali pekee wanaponihitaji."

Hapo ndipo lilipotoka jambo alilolificha tangu jana. Elimu ya viungo ni somo la lazima. Mtihani ni kukimbia uwanja mzima na kumbeba mwenzako mgongoni, kwa kuwa muuguzi hunyanyua watu. Asiyefaulu haingii mwaka wa tatu. Hakuna muuguzi wa nusu, wamemwambia.

Nimeosha vyombo, ingawa zamu ilikuwa yake.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda chuoni, koti na tai. Mkuu wa idara alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, akasema sheria haiwezi kupindishwa kwa mmoja. Labda Kasuku ahamie kozi ya utunzaji wa kumbukumbu. Aliyasema vizuri, kila neno mahali pake. Nilitamani akosee hata moja.

Nje nikasikia mtu akinikimbilia. Mkufunzi wa michezo: kijana, filimbi shingoni, anatafuna ubani, ananiita "mzee wangu" kabla ya kunisalimu. Wa namna hii huwa siwapendi. Akasema ameisoma sheria vizuri: inasema mwanafunzi afaulu elimu ya viungo, haisemi akimbie. Anaweza kumpima kwa kuongoza mazoezi ya viti, ya wazee wanaokuja ukumbini kila Ijumaa kunyoosha magoti. Kipindi kizima, peke yake, bila kusaidiwa. Tumerudi ndani pamoja, na mkuu wa idara amekubali shingo upande. Daktari ameulizwa kwa simu. Ameruhusu, kwa sharti moja: akiona kizunguzungu aache papo hapo.

Nikauliza, akiacha?

Akatazama viatu vyake. Basi atakuwa hajafaulu, mzee wangu. Hilo siwezi kulibadilisha.

Ijumaa, 21 Machi

Tumesogeza meza. Ananifanyisha mazoezi kila jioni, yeye mbele, mimi kwenye kiti cha kulia. Leo ameninyoosha mkono, akasema, "Mume wangu, haya ni mabega au mbao?" Nikamwambia mke mwenye adabu hamwulizi mumewe hivyo. Kicheko chake kilisikika mpaka kwa jirani.

Kicheko cha namna hiyo sijakisikia tangu mwezi uanze. Nimeingia chumbani kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwangu.

Jumanne, 25 Machi

Ameniomba niwe mmoja wa wazee siku ya mtihani. Nimekubali. Ameniomba pia nisimkazie macho. Nimekubali na hilo.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika hapa ukumbini, kitini. Ni mapumziko ya maji, katikati ya mtihani.

Alianza vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Fulana nyeupe, sauti ya kusikika nyuma. Bibi mmoja alilalamika kwamba goti lake limegoma. Kasuku akamwambia basi tulibembeleze, goti si mtu wa kugombezwa, na bibi akalinyoosha huku akicheka. Mkufunzi wa michezo yuko ukutani, anaandika alama. Mkuu wa idara yuko kando yake, hakai.

Kisha mikono juu, chini, juu, chini. Yeye anasimama, sisi tumekaa. Niliona anahesabu kwa midomo tu. Yeye, Kasuku!

Alipoleta maji aliinama kunirekebishia bega ambalo halikuwa na kosa. Mkono wake ulishika mgongo wa kiti changu, na kiti kikatikisika.

"Una kizunguzungu," nikamwambia.

"Kidogo. Kinapita."

"Daktari alisemaje?"

"Babu, imebaki nusu. Nakuomba." Macho hayakuwa ya mtu mzima. Yalikuwa ya mtoto niliyembeba kutoka uani siku ile, akiuliza kwa nini mama amelala kwenye maji.

Akaenda zake mbele. Uso wake umepauka kuliko fulana. Anatabasamu na kila mtu.

Ipo sehemu ya alama inayotoka kwetu wazee. Mkufunzi anapita kiti kwa kiti, akiuliza kama mwongozaji yuko sawa, kama kuna lolote la kusema kabla ya kuendelea. Nikinyamaza, anaweza kuwa muuguzi. Nikisema, atakuwa hai na hatanisamehe. Au kitakuwa kimepita kweli, kama anavyosema, nami nitakuwa nimemvunjia maisha bure.

Mama yake hakuwa na mtu wa kumtazama. Mimi nilikuwa ndani, nasahihisha madaftari.

Sasa mkufunzi yuko kwa bibi wa goti. Bibi anamsifu Kasuku, na sifa zake haziishi. Kule mbele Kasuku ameegemeza kiganja ukutani, ananitazama mimi tu.

Baada ya bibi, ni mimi.