Salamu za Mama kwa Waziri wa Fedha

Merthyr, Jumapili

Kaka Emlyn,

Huku hatujambo. Vitunguu vya baba vimeshinda kwenye maonyesho ya kanisa.

Siku ya bajeti mimi na mama tulikaa mbele ya televisheni. Waziri alipofuta kodi ya kupasha nyumba joto, mama alipiga makofi, kwani wewe, msemaji wa fedha wa upinzani, umepigania ifutwe miaka yote. Kisha tukakuona unamzomea.

"Huyu si ndiye alikuwa anasema hayohayo?"

"Ndiyo kazi ya upinzani, mama."

"Kazi gani hiyo?"

Najua chama kiliwaagiza. Laiti ungenyamaza tu.

Sasa mama analala na joto. Anaomba umfikishie yule waziri shukrani zake, maana bungeni mnaketi mkitazamana.

Dada yako,
Olwen