Ukungu Katika Darubini Yako

Kwa kitindamimba wangu,

Barua yako niliisoma dirishani, penye mwanga. Umeuliza kama "hii kioo iko salama". Sema "hiki kioo kiko salama". Ndiyo, kiko salama.

Darubini yako naitunza kama ulivyonifundisha. Juzi niliona ukungu, nikakitoa kioo nikakiosha kwa maji safi yasiyo na chumvi, kisha nikapitisha pamba iliyolowa bila kuikandamiza, maana kioo hicho hukwaruzika upesi. Sikukifuta kwa kitambaa. Nilikiegemeza ukutani kikauke chenyewe. Nikakirudisha ndani ya darubini, ukungu ukabaki. Nikakiosha mara tatu.

Jioni alipita jirani yetu mshonaji, nikamwita auchungulie mwezi.

"Mbona uko safi, Mwalimu? Hata mashimo yake nayaona!"

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Labda uoshe macho, kioo ukiache kipumzike!"

Tulicheka. Kesho yake nilikwenda kwa daktari. Nilidhani wewe ndiwe wa mwisho, kumbe nimepata mwingine uzeeni: mtoto wa jicho. Tena ni pacha, kila jicho na wake.

Upasuaji ni mwezi ujao. Daktari aliuliza ni nani atakayenishika mkono kunirudisha nyumbani. Nilimjibu kwamba ninaye mtoto, umbali sikuutaja. Mshonaji amejitolea, lakini nimemwomba asubiri kwanza jibu lako.

Ukiandika, tumia herufi kubwa. Makosa sitayaona.

Ni mimi mama yako,
Mwalimu