Mashine Imemtania Mama Mkwe kwa Sauti Yangu

Mpendwa Mama Kudra, mshauri wetu wa redio, naomba msaada wako, na shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi nirudishie. Mimi ni mzee wa hapa Katonga, shule niliiacha darasa la nne kabla haijaniacha, mke wangu Marcelina anauza dagaa wakavu na mimi kazi yangu ni kupokea simu za wateja na kupatana nao bei, sasa mwaka huu akaja kijana anaitwa Davis, mshauri wa teknolojia, anasema yeye yuko huru, hana kampuni, maoni yake hayanunuliwi, nikamwambia vizuri, basi hatutakulipa, akacheka kidogo tu. Maoni yake ni kwamba biashara ya kesho ni data, kwamba mdomo wangu ni mali inayopotea hewani kila siku, tuurekodi, mashine ijifunze, ipokee simu hata nikiwa nimelala, na Marcelina akakubali upesi mno mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

Ikarekodi mwezi mzima. Balaa ni kwamba mwezi huo mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Leonardi wa Tabora, Mnyamwezi, na mimi Muha, utani wetu unaujua, hatupatani bei ya gunia bila kuzikana kwanza, basi mashine ikashika kwamba hivyo ndivyo dagaa wanavyouzwa. Halafu mama mkwe akapiga kutoka Mwandiga kuulizia dagaa wa wageni wake, mama mkwe ambaye tangu nioe sijamtazama usoni, nikimwona njiani naingia kwenye mihogo ya watu, mashine ikamjibu kwa sauti yangu hii hii, "Kibogoyo wewe, dagaa utawatafuna kwa ufizi? Kufa kwanza, nije nilale kwenye jeneza lako."

Marcelina amerudi kwao, wanasema hatoki. Nikamwita Davis, akaniambia, "Mzee wangu, kitaalamu mashine haina kosa, ilikosa tu data za wakwe." Nikamwambia mbele ya mkwe mtu ananyamaza, ungerekodi nini? Akashauri mashine hiyo hiyo ipige simu kuomba radhi. Na kibaya zaidi mama mkwe mwenyewe anaipigia kila siku, jana kaiambia mdomo wangu unanuka kama samaki mgebuka aliyesahaulika juani, ikamjibu, akairudishia, mpaka salio lake likaisha. Nataka mke wangu arudi, mama. Nimzime nani?

Mzee Vedasto, Katonga

*

Mzee Vedasto, shikamoo yako nimekurudishia. Pole kwa kulala peke yako, lakini acha kujifanya umeonewa. Uliambiwa mashine itaongea kama wewe, ukafurahi. Imeongea kama wewe, unalia. Ulimwona kijana akirekodi matusi yako na Leonardi mwezi mzima, hukumwambia kwamba kwetu kuna watu wa kutaniwa na watu wa kukimbiwa. Ulikuwa unachekeshwa na sauti yako mwenyewe. Na wewe Davis, kama unanisikiliza: huku biashara huanza na kujua nani ni nani kwa nani. Bila hilo, maoni huru ni kelele huru.

Hata hivyo umeandika jambo zito ukalipita kama mlevi anavyopita kwake. Mama mkwe anapiga kila siku? Mtu aliyeudhika hutuma wazee, hanunui vocha. Huyo mama, wakwe zake wamemkimbia miaka yote, hajapata wa kumjibu hata neno. Sasa amempata. Usithubutu kumwambia nimesema hivyo.

Kwa hiyo kesho tafuta mbuzi na pombe, mchukue kaka yako akusemee, nenda Mwandiga. Mashine ibaki Katonga. Simama nje ya uwanja, macho chini, mdomo umefungwa, maana ndio uliotufikisha hapa. Davis amvute mbuzi, na ajieleze mbele ya wazee bila kutamka neno data. Marcelina akitoka usimhoji, beba mzigo wake muondoke.

Mashine usiizime, utamnyang'anya mama wa watu mtani wake. Ila sauti yako itolewe leo, iwekwe ya Davis. Kwa ushauri anaoutoa, huyo bila shaka hajaoa.