Ng'ambo Ipi

Kaka yangu,

Nakusalimu wewe, wifi na wanangu wote huko mliko. Natumai kile kifua chako kimepoa. Sisi tupo, tunasukuma siku. Mimi miguu inavimba na usingizi umenikimbia.

Baba anakula uji sasa. Upande wa kulia bado umelala na ulimi ni mzito, ila utani haujamtoka. Jana alinionyesha bakuli kwa mkono mzima akakunja uso, nikajua mapishi yangu yamemshinda.

Uliuliza habari za kazi. Tangu halmashauri yetu na ya wenzetu wa ng'ambo ya mto ziunganishe huduma, tumechanganywa kama karata. Gari la wagonjwa ni moja kwa miji miwili. Chumba chetu cha kupokea simu za dharura kimefungwa, nimehamishiwa chao. Kila asubuhi navuka daraja kwa miguu, nakalia kiti kinacholia nikijigeuza. Wasoma mita wao nao wanazunguka mpaka mitaa yetu. Wakubwa wanasema tumeokoa mengi. Haya, labda.

Sasa barua yako kwa halmashauri. Nimeisoma. Unataka msoma mita aliyemkuta Baba kaanguka uani afukuzwe, kwa kuwa alielekeza gari upande usio wetu, Baba akalala chini dakika arobaini. Kikao ni Alhamisi. Yule bwana ana miaka ishirini kazini. Jumapili alikuja nyumbani, akakataa kiti, akamwomba Baba radhi akisema hajui alikosea wapi. Baba alimshika mkono, asiuachie.

Hakukosea, kaka. Alichosema kwenye simu ni hiki: "Mzee kaanguka huku ng'ambo, nyumba ya pili ukishuka daraja." Yeye ni mtu wa kule, kwake ng'ambo ni kwetu, hata akiwa amesimama uani kwetu. Aliyepokea simu kazaliwa huku, kwake ng'ambo ni kule, hata akiwa amekaa kule kule. Hakuuliza ng'ambo ipi. Akalituma gari nyumba ya pili ya upande wao.

Niliyepokea ni mimi.

Nilisikia "mzee" na haikunijia kwamba ni Baba. Nikamwambia gari linakuja, nikarudia chai yangu. Daftarini niliandika "ng'ambo" tu. Wakubwa waliponiuliza, nikasema niliandika nilichoambiwa. Ni kweli, na kweli hiyo ndiyo inayomfukuzisha mtu kazi. Wiki mbili nimenyamaza. Naona aibu, kaka, na nimechoka kuibeba.

Alhamisi nitasimama niseme. Baba nimemwambia leo asubuhi, nikiwa nimeshika kijiko. Bakuli hakulikunjia uso. Aligeukia ukutani.

Msalimie wifi, wanangu waambie shangazi anawakumbuka. Ukitaka kuandika tena, waandikie halmashauri kwanza, umwombee yule bwana. Mimi utaniandikia ukiweza.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku