Mguu wa Théodore

Jumapili, 2 Machi 2025

Ibada bila ngoma, bila besi. André wa ngoma amehamia Durban. Théodore wa besi — mkono wake wa kushoto haujaamka tangu alipopooza mwezi wa kumi. Gitaa langu peke yake, ugali bila mboga. Mchungaji amekubali kwaya inunue mashine ya ngoma na besi. Nikafurahi, halafu nikaona aibu. Théodore alikuwa benchi la nyuma, anapigia goti lake makofi kwa mkono mmoja. Miaka kumi na tatu tumepiga pamoja. Nani atamwambia? Bwana, nisiwe mimi.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi mtaani Berea, na mashine ya kuazima. Nyumbani niliipanga vizuri: mwendo wa pole wa kuabudu, kisha sebene, ile sehemu ya kasi, tucheze. Nilihesabu kila kitu. Mama Benita, mwimbishaji wetu, akaanza kuimba, akaguswa, akaivuta haleluya, machozi yanatoka — mashine ikaingia sebene! Yeye analia, ngoma inaruka. Akasimama, mikono kiunoni: hiki kitu kimenifukuza mbele za Mungu. Tulicheka mpaka mke wangu Marthe akakaa chini.

Lakini kweli. André na Théodore walikuwa wanamngoja.

Alhamisi, 6 Machi

Théodore amekuja kwangu kwenye cherehani. Nikainamia zipu ya watu, najifanya sioni.

— Papa Gradi, unanishonea sanda na mimi bado mzima?

Mama Benita alishamwambia yote. Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza: nasikia mmeleta mtu asiyejua kungoja. Akauliza kama hakuna mashine za kukanyaga kwa mguu. Sikujua. Akaunyoosha mguu wa kulia, akaupiga chini mara nne, sawasawa kabisa. Huu haukuugua, akasema.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda dukani Randburg, mimi na Théodore. Muuzaji alituonyesha mbili. Ya kwanza ina midundo mia na vitufe vya vidole, taa kama robot, zile za kuongoza magari barabarani. Niliipenda, nisidanganye. Ya pili ni ya chini, ina pedali: unaipigia gitaa, inashika nyimbo, inatoa ngoma na besi, na haibadilishi mwendo mpaka uikanyage.

Théodore akaomba kiti. Akaniambia: imba kama Mama Benita. Mbele ya wazungu! Nikaimba. Nikavuta. Nikavuta tena, nimtege. Mguu uko hewani, hautui. Nilipopumua tu, akakanyaga — sebene, sharp, papo hapo! Muuzaji mwenyewe alitikisa mabega.

Nikauliza: na besi yake? Akafikiri. Haina chumvi, akasema, lakini inatii.

Tumechukua ya pili. Aliipakata njia nzima mpaka kwetu Rosettenville.

Jumapili, 9 Machi

Naandika haraka, matangazo bado yanasomwa. Théodore ameketi mbele, pale pake pa zamani. Amevua kiatu cha kulia, anataka kuisikia pedali. Soksi imepigwa pasi. Mkono wa kushoto umelala mapajani. Mguu wa kulia umekaa juu ya pedali.

Mama Benita amepita, ameinama sikioni kwake, nimesikia:

— Papa Théodore, leo nitavuta sana.

— Vuta, mama. Nakungoja.

Wanatuita.